Lini Gari Lifanyiwe Sevisi: Uchambuzi wa Ratiba za Matengenezo katika Mazingira ya Afrika Mashariki

Mwongozo wa matengenezo ambao Toyota huutoa kwa magari yanayouzwa Japani unaelekeza kwamba, kwa injini nyingi za petroli zisizo na turbo, oili ibadilishwe kila baada ya kilometa 15,000 au mwaka mmoja, kutegemea kipi kitatangulia. Gari hilohilo likishateremshwa Dar es Salaam au Mombasa na kuanza kutumika, mafundi walio wengi humtaka mmiliki wake arudi baada ya kilometa 5,000, na wengine husisitiza 3,000. Tofauti hiyo ya mara tatu hadi tano imezoeleka kuelezwa kwa wepesi: wapo wanaodai kwamba fundi anatafuta riziki yake, na wapo wanaodai kwamba kitabu kiliandikwa na watu wasioijua Afrika. Maelezo yote mawili hayagusi kiini cha jambo, kwa sababu idadi ya kilometa ni makadirio tu ya kazi ambayo gari limefanya katika mazingira fulani, na mazingira yakibadilika idadi hiyo haina budi kukokotolewa upya. Kwa hiyo swali la lini gari lifanyiwe sevisi halina jibu la namba moja, ila lina jibu la uhakika iwapo vipimo vitatu, yaani umbali, muda na hali ya kifaa chenyewe, vitatumiwa kwa pamoja, na iwapo kila kilichofanyika kitaandikwa.

Aina tatu za matengenezo

Matengenezo ya mtambo wowote hugawanywa katika aina tatu. Ya kwanza ni matengenezo ya kurekebisha, ambayo husubiri kifaa kiharibike ndipo kishughulikiwe. Ya pili ni matengenezo ya kinga, ambayo hufanywa kwa ratiba kabla kifaa hakijaharibika, na ndiyo yanayoitwa sevisi katika lugha ya kila siku. Ya tatu ni matengenezo ya kufuata hali, ambapo kifaa hukaguliwa au kupimwa mara kwa mara na kubadilishwa pale tu kipimo kinapoonyesha kwamba kimefikia ukomo wake. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kudhani kwamba aina moja kati ya hizo inafaa kwa gari zima, wakati kila sehemu ya gari huchakaa kwa namna yake.

Sekta iliyolichunguza suala hili kwa kina kuliko nyingine ni ya usafiri wa anga. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines, katika ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, walionyesha kwamba ni takriban asilimia 11 tu ya vipuri walivyovichunguza vilivyoonyesha kuchakaa kwa kufuata umri, na kwamba vilivyobaki havikunufaika kwa kuwekewa tarehe ya kubadilishwa. Tena walibaini kwamba vipuri vingi huharibika zaidi mara tu baada ya kufungwa, jambo linalomaanisha kuwa kila kufungua na kufunga kuna hatari yake. Gari si ndege, na sehemu zake nyingi zinazosuguana au zinazobeba vimiminika huchakaa kwa mwendo unaotabirika. Hata hivyo utafiti huo unatoa kanuni inayofaa hata katika gereji ya chini ya mwembe, kwamba ratiba iwekwe kwa vitu vinavyozeeka kwa mpangilio, na vingine vyote vikaguliwe bila kuguswa pasipo sababu.

Chanzo cha namba zinazotajwa

Mtu anayenukuu kilometa 15,000 za mwongozo wa Japani kwa kawaida hunukuu safu moja tu kati ya mbili zilizomo. Mwongozo huo una safu ya matumizi ya kawaida na safu ya matumizi magumu, na katika safu ya pili oili hubadilishwa kila kilometa 7,500 au miezi sita. Masharti yanayoliingiza gari katika matumizi magumu yametajwa waziwazi: kupita katika barabara mbovu au za changarawe kwa sehemu kubwa ya safari, kutembea zaidi ya kilometa 20,000 kwa mwaka, kupanda na kushuka milima mara kwa mara, safari fupi fupi zisizozidi kilometa 8 zinazorudiwa rudiwa, na kukaa muda mrefu huku injini ikiunguruma bila gari kwenda. Mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam, anayekwenda kazini Posta kila asubuhi kwa foleni, au mfanyabiashara wa Nakuru anayepakia mazao kutoka vijijini, hutimiza mawili au matatu kwa wakati mmoja, na kwa hiyo safu inayomhusu, kwa mujibu wa kitabu chenyewe, ni ile ya pili. Ikisomwa hivyo, tofauti kati ya kitabu na fundi hupungua kutoka kilometa 10,000 hadi kilometa 2,500 tu.

Tofauti iliyobaki ina historia yake. Mpaka karibu na mwaka 2006, ambapo nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikamilisha kuachana na petroli yenye risasi, plagi na oili zilichafuliwa na mabaki ya madini hayo. Dizeli nayo ilikuwa na salfa nyingi hadi mwanzoni mwa 2015, wakati nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipohamia kiwango kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Salfa ikiungua hutoa gesi ambayo, ikikutana na unyevu ndani ya injini, hugeuka asidi, na asidi hiyo hula akiba ya viungio vilivyowekwa ndani ya oili ili kupambana nayo. Kadiri salfa inavyokuwa nyingi ndivyo oili inavyochoka mapema. Zaidi ya hayo, oili iliyotumika wakati huo ilikuwa ya madini na mara nyingi ya daraja moja, iliyojulikana madukani kama oili namba 40. Agizo la kilometa 3,000 lilikuwa hekima halali ya mafuta na oili za enzi hizo. Udhaifu wake leo ni kwamba limerithiwa kama desturi bila sababu zake, na ndiyo maana hutolewa vilevile kwa mwenye oili ya sintetiki ya bei ya juu na kwa mwenye oili ya madini ya bei ya chini.

Umbali unaodanganya

Mita ya kilometa hupima mzunguko wa magurudumu, lakini oili, maji ya kupozea na pampu huchakaa kwa kufuata kazi ya injini. Vipimo hivyo viwili hulingana gari linapokwenda kwa kasi ya wastani, na huachana vibaya gari linapokwama. Gari linalotembea barabara kuu kwa wastani wa kilometa 80 kwa saa hukamilisha kilometa 5,000 baada ya saa 63 hivi za injini kuwaka. Gari la mjini ambalo wastani wake, ukijumlisha foleni na taa za barabarani, ni kilometa 15 kwa saa, hukamilisha umbali huohuo baada ya saa 333. Kwa injini, gari la pili limefanya kazi zaidi ya mara tano ya la kwanza, ingawa mita zao zinasoma sawa.

Mitambo isiyo na magurudumu, kama jenereta na pampu za umwagiliaji, haina tatizo hilo kwa sababu sevisi yake huhesabiwa kwa saa, na kwa jenereta nyingi za dizeli oili hubadilishwa kila saa 250. Kigezo hicho kikitumiwa kwa tahadhari kama kipimo cha kulinganishia, saa 250 kwa gari la foleni la kilometa 15 kwa saa ni sawa na kilometa 3,750, na kwa gari la safari ndefu la kilometa 60 kwa saa ni sawa na kilometa 15,000. Kwa hesabu hiyo fundi wa mjini na mwandishi wa kitabu wote wako sahihi, kila mmoja kwa gari analolifikiria. Mmiliki anaweza kujua gari lake liko upande gani bila kifaa chochote cha ziada, kwa kuwa magari mengi ya miaka ya karibuni huonyesha kasi ya wastani kwenye dashibodi, na yasiyoonyesha huhitaji saa ya mkononi na hesabu ya kugawanya.

Muda nao una nguvu yake hata gari likiwa halitembei. Gari linaloegeshwa wiki nzima na kuwashwa Jumapili kwenda kanisani halifikishi joto la kukausha unyevu na petroli iliyopenya ndani ya oili, na raba za mihuri na mabomba hukauka vivyo hivyo. Ndiyo sababu kila ratiba ya kuaminika hutaja umbali na muda kwa pamoja, na kile kitakachotangulia ndicho kinachofuatwa.

Oili ya injini

Oili hulainisha, hupoza, husafisha na huziba mwanya mdogo uliopo kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Uzito wake huandikwa kwa namba mbili, kama 5W-30 au 20W-50, ambapo namba ya kwanza pamoja na herufi W hueleza wepesi wake injini ikiwa ya baridi, na ya pili hueleza uzito wake injini ikishapata joto la kazi. Imani iliyoenea kwamba nchi ya joto huhitaji oili nzito ilikuwa na msingi kwa injini za zamani zenye nafasi kubwa kati ya vyuma, lakini hudhuru injini za kisasa. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyofungwa katika Vitz, Ist, Probox na Premio nyingi zilizoko barabarani, hutumia shinikizo la oili kuendesha mfumo wa VVT-i, yaani mfumo unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu kwa kupitisha oili katika vijia vyembamba. Oili ya 20W-50 ikiwekwa humo huchelewa kufika juu asubuhi, na oili iliyopitiliza muda wake huacha tope linaloziba vijia hivyo. Injini hiyo huchukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 hutosha na kubakiza kidogo cha kuongezea; filta nayo hubadilishwa kila oili inapomwagwa, kwani filta ya zamani hubaki na oili chafu inayoichafua mpya.

Kijiti cha kupimia oili ndicho chombo cha bei nafuu kuliko vyote katika matengenezo, na ndicho kinachotumiwa kwa nadra. Kipimo sahihi huchukuliwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa ili oili ishuke. Kijiti huchomolewa, hufutwa, hurudishwa hadi mwisho, kisha huchomolewa tena na kusomwa. Usawa unapaswa kuwa kati ya alama mbili. Weusi pekee si ushahidi kwamba oili imekwisha, maana oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, na kazi ya oili ni kuushika uchafu. Dalili za hatari ni nyingine: rangi ya chai ya maziwa, inayoonyesha kwamba maji yameingia, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi, harufu kali ya petroli, usawa unaopanda badala ya kushuka, na chembe za chuma zinazong'aa. Upungufu wa oili huua injini haraka kuliko uzee wa oili, kwa hiyo mwenye gari lenye umri mkubwa linalokula oili hupata faida zaidi kwa kupima kila wiki kuliko kwa kufupisha ratiba.

Kwa kuzingatia hayo yote, kipindi kinachoweza kutetewa kwa gari la petroli katika Afrika Mashariki ni kilometa 5,000 au miezi sita kwa oili ya madini au ya nusu sintetiki, na kilometa 7,500 hadi 10,000 au miezi sita hadi mwaka kwa oili kamili ya sintetiki yenye daraja lililotajwa na mtengenezaji, ambapo gari la foleni hubaki kwenye kikomo cha chini na la safari ndefu za lami husogea kwenye kikomo cha juu. Injini za turbo huhitaji kipindi kifupi zaidi, kwa sababu oili hupita katika beringi zenye joto kali sana.

Vimiminika vinavyosahauliwa

Wakati oili ya injini hutajwa na kila mtu, vimiminika vingine vitatu husahauliwa mpaka vilete hasara. Cha kwanza ni kulanti, yaani mchanganyiko wa maji safi na kemikali ya glaikoli pamoja na viungio vya kuzuia kutu. Kazi yake ya kuzuia kuganda haina maana kubwa Tanga au Kisumu, na hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba maji ya bomba yanatosha. Wanachokisahau ni kwamba mchanganyiko huo hupandisha kiwango cha kuchemka na hulinda alumini, wakati maji ya kisima yenye chumvi huacha magaga ndani ya mirija ya rejeta na kuila pampu. Kwa Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, maji ya kawaida huchemka kwa takriban nyuzi 94 za Selsiasi, na mfuniko wa rejeta unaotunza shinikizo ndio unaoyazuia yasichemke mapema. Mfuniko uliolegea huweza kuchemsha gari ambalo rejeta yake ni nzima.

Sambamba na hilo kuna desturi ya kung'oa thamostati, valvu inayofunga njia ya maji mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu ndipo ifunguke. Hoja inayotolewa ni kwamba nchi ya joto haiihitaji. Matokeo yake ni injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno, kompyuta inayoongeza petroli kwa kudhani kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, na oili inayojaa unyevu. Thamostati mbovu hubadilishwa kwa nyingine, na kuiondoa hakutibu chanzo cha joto kilichomfanya fundi aishuku.

Cha pili ni mafuta ya breki. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka: mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kikomo hicho hushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, ambapo dereva huweza kukanyaga breki kwa dakika nyingi, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha breki inayoshika na pedali inayozama hadi sakafuni, kwa sababu mafuta yaliyochemka hugeuka mvuke na mvuke hubonyea. Umbali hauhusiki hapa hata kidogo; mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili, iwe gari limetembea au halikutembea, na katika hewa yenye unyevu ya Zanzibar na Mombasa hakuna sababu ya kuvuka kipindi hicho.

Cha tatu ni mafuta ya giaboksi za otomatiki. Baadhi ya watengenezaji huyaeleza kuwa ya kudumu maisha yote ya gari, lakini maisha wanayoyahesabu ni ya mmiliki wa kwanza, si ya gari linaloanza maisha ya pili likiwa na kilometa 90,000. Kuyabadilisha kati ya kilometa 40,000 na 80,000, kulingana na ugumu wa matumizi, ni tahadhari ya haki. Muhimu zaidi ni aina: giaboksi ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma na puli badala ya gia za kawaida, huhitaji mafuta yake mahususi, na mafuta ya giaboksi ya kawaida yakimiminwa humo huiharibu. Kosa hilo hutokea kwenye gereji ambako kila mafuta mekundu huhesabiwa kuwa sawa.

Mikanda, plagi na filta

Kati ya sehemu zote zinazopaswa kubadilishwa kwa namba pekee bila kusubiri dalili, mkanda wa taimingi ndio wa kwanza. Mkanda huu wa raba huunganisha mzunguko wa pistoni na wa valvu, na katika injini nyingi ukikatika valvu hugongana na pistoni na injini huharibika kwa sekunde moja, bila onyo lolote la sauti. Kipindi chake cha kawaida ni kilometa 100,000. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ na Prado za 1KZ-TE zina taa maalumu ya mkanda kwenye dashibodi, ambayo huwaka umbali huo ukitimia. Wapo wanaoizima taa hiyo bila kubadilisha mkanda, na anayenunua gari hilo baadaye hana namna ya kujua. Subaru Forester za miaka ya nyuma zenye injini ya familia ya EJ, ambazo ni nyingi nchini Kenya, nazo zina mkanda, wakati 1NZ-FE ina cheni ya chuma isiyo na tarehe ya kubadilishwa, mradi oili yake imetunzwa. Mkanda unapobadilishwa, ni busara pampu ya maji inayoendeshwa nao ibadilishwe pamoja, kwa sababu kazi ya kuufikia ni ileile.

Plagi za kawaida hudumu takriban kilometa 20,000, na za iridiamu hufika 100,000, kwa hiyo anayenunua za bei nafuu anapaswa kukumbuka kwamba amenunua pia ratiba fupi. Filta ya hewa ndiyo inayotofautiana zaidi kwa mazingira: kwa barabara za lami hufika kilometa 40,000 au zaidi, lakini gari linalofuata jingine katika vumbi la barabara za vijijini Dodoma huweza kuiziba kabla ya robo ya umbali huo. Filta ya karatasi hukaguliwa kila oili inapomwagwa na hubadilishwa ikijaa. Kuipuliza kwa kompresa yenye upepo mkali huitoboa matundu madogo yasiyoonekana, na mchanga unaopita humo husaga silinda.

Breki, matairi na sehemu za chini

Pedi za breki hazina kilometa maalumu, kwa kuwa dereva mmoja huzimaliza kwa mwaka na mwingine kwa miaka minne. Hapa kipimo ni hali: pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi, na zikikaribia milimita 3 hubadilishwa. Ukaguzi wake ufanyike kila kilometa 10,000, wakati magurudumu yanapofunguliwa ili kubadilishana nafasi, ya mbele kwenda nyuma, na hivyo kuchakaa kwa usawa.

Tairi hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kina cha kashata, ambacho kwa sheria za Japani na za Umoja wa Ulaya hakipaswi kuwa chini ya milimita 1.6. La pili, linalopuuzwa zaidi, ni umri, unaosomeka ubavuni kwa tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT: 2319 humaanisha tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikiwa stoo, na baadhi ya watengenezaji hupendekeza matairi yakaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano na yasivuke kumi hata kama kashata bado ni nzuri. Gari lililofika bandarini likiwa na matairi yanayometa huweza kuwa na matairi ya miaka minane, na joto la lami pamoja na upepo pungufu ni sababu tosha ya kulipasua tairi la namna hiyo. Bushi, boljointi na shokapu huchakaa kwa mashimo na matuta, si kwa kalenda, na hutambulika kwa kugonga, usukani kuvuta upande mmoja na matairi kulika ndani au nje. Alainimenti ifanywe baada ya kubadilisha sehemu hizo au kuanguka shimoni vibaya.

Sehemu zisizo na ratiba

Sensa, alteneta, pampu ya petroli na kompyuta ya gari ni katika kundi ambalo Nowlan na Heap wangesema halinufaiki na tarehe. Kuzibadilisha kwa kubahatisha ni hasara, hasa pale spea nzima inapoondolewa na ya mtumba isiyojulikana ikafungwa. Taa ya injini ikiwaka, hatua ya kwanza ni kusoma msimbo kwa mashine ya uchunguzi, na hatua ya pili ni kukumbuka kwamba msimbo hutaja eneo la tatizo, si kipuri cha kununua: msimbo wa P0171 husema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, jambo linaloweza kusababishwa na bomba lililopasuka wala si sensa. Betri ya volti 12 nayo hufuata hali. Ikiwa imechajiwa kamili na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka alteneta yenye afya hutoa kati ya 13.5 na 14.5.

Teknolojia mpya zimeongeza mambo machache yanayohitaji ratiba yake. Magari ya haibridi kama Aqua na Prius yana feni inayopoza betri kubwa kwa hewa inayoingia pembeni mwa kiti cha nyuma; tundu hilo likizibwa na vumbi au mizigo, betri hupata joto na kufa mapema, kwa hiyo tundu hilo, pamoja na chujio lake kama lipo, lisafishwe walau kila mwaka. Magari ya dizeli yenye kichujio cha masizi, kama Mazda CX-5 ya lita 2.2, huhitaji safari ndefu mara kwa mara ili masizi yaungue. Yakitumika kwa safari fupi pekee, dizeli hupenya kwenye oili na usawa wake hupanda, na ndiyo maana kijiti cha injini hiyo kina alama ya ziada ya X inayoonya kwamba oili ibadilishwe.

Gari la mtumba lisilo na historia

Ratiba zote zilizotajwa hudhani kwamba inajulikana kazi ya mwisho ilifanyika lini, na hapo ndipo magari mengi ya Afrika Mashariki yanapokwama. Nchini Japani mwenye gari jipya la binafsi hulipeleka kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, kwa hiyo dola yenyewe humlazimisha kulitunza. Gari likisafirishwa, mkono huo wa dola hubaki Japani na mara nyingi kitabu cha kumbukumbu hubaki huko pia. Kenya hukubali magari yasiyozidi miaka minane tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania hutoza zaidi magari yenye umri mkubwa, lakini sera hizo hupima umri wa gari, hazipimi matunzo yake. Kilometa zinazosomeka kwenye mita nazo huweza kuwa zimerudishwa nyuma.

Kwa mmiliki mpya, njia salama ni kuanza hesabu upya. Oili na filta zake, mafuta ya breki, kulanti na filta ya hewa hubadilishwa mara moja. Mafuta ya giaboksi hukaguliwa na kubadilishwa kwa aina sahihi. Mkanda wa taimingi, kama injini inao na hakuna ushahidi wa maandishi kwamba ulibadilishwa, huhesabiwa kuwa umekwisha. Tarehe za matairi husomwa. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya gari, na wanunuzi wengi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi wanaotafuta spea miezi sita baadaye wanailipa kwa awamu na kwa bei ya juu zaidi.

Kumbukumbu na mpangilio wa vipaumbele

Stika inayobandikwa na gereji kwenye kioo huonyesha kilometa za oili inayofuata tu, na hupotea kioo kinaposafishwa. Daftari la kurasa chache linaloandikwa tarehe, kilometa, kazi iliyofanyika na aina ya spea iliyotumika hufanya mambo matatu kwa pamoja: humfanya mmiliki ajue lini afanye nini bila kutegemea kumbukumbu ya fundi, huonyesha kama gari limeanza kula oili au kupungukiwa maji, na humpa mnunuzi wa baadaye kile ambacho Japani haikukileta.

Mwenye kipato cha kawaida mara chache huweza kufanya kila kitu kwa wakati wake, na uchambuzi usiolikubali hilo haumsaidii. Fedha zikiwa chache, mpangilio unaofuata uzito wa madhara huweka breki na matairi mwanzo, kwa kuwa kuharibika kwake hugharimu maisha. Kisha oili na mfumo wa kupozea, kwa kuwa kuharibika kwake hugharimu injini. Kisha mkanda wa taimingi, unaopanda hadi nafasi ya kwanza kilometa 100,000 zikikaribia. Na mwisho plagi, filta na mafuta ya giaboksi, ambavyo hutoa ishara kabla ya kuleta hasara kubwa. Kinachoweza kuahirishwa kiandikwe katika daftari pamoja na sababu na tarehe mpya, kwa kuwa kazi iliyoahirishwa bila kuandikwa ndiyo inayogeuka kuwa kazi iliyosahauliwa.